Trekta la Mjomba Drago na Kona ya Hren

Lipovec,
27 Mei 2019.

Mpendwa Mama Mdogo Breda,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: namdharau Mjomba Drago. Najua ni kaka yako, na najua msichana wa umri wangu hapaswi kuandika hivi. Nimetafuta neno la upole zaidi, sikulipata.

Haya, hujambo? Watoto hawajambo? Mgongo wako unaendeleaje huko Melbourne, na baridi yenu imeshaanza? Sisi wazima. Nyonga ya Bibi bado inamsumbua, ila anatembea kwa fimbo na kulalamika kama kawaida, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Habari kubwa ni bustani. Unakumbuka Krismasi Mjomba alisema kwamba bustani ikimshinda Bibi mwaka huu, patapandwa nyasi na yeye atahamishiwa kwenye fleti mjini. Bibi alikubali. Alikubali kwa sababu haijawahi kumshinda.

Baada ya Pasaka Mjomba akaja na trekta dogo jekundu lenye mashine ya kutifulia udongo nyuma. Alivaa glavu mpya. Kitabu cha maelekezo alikuwa nacho, na nilimwona akikisoma: anaangalia picha tu.

Trekta lenyewe halina kosa. Udongo ulitoka laini kama unga. Tatizo ni kwamba Mjomba hajui kurudi nyuma, kwa hiyo kila akifika mwisho wa bustani anataka nafasi ya kugeuza kama dereva wa basi. Na kule mwisho, chini ya ukuta, ndiko iliko kona ya hren, ule mzizi wetu mkali wa kukwangua na kula Pasaka. Unavikumbuka vigae ambavyo Babu alivizika wima kuizunguka, ili mizizi isitoroke. Mjomba aliving'oa, akavitupa kando, akapitisha visu vya mashine juu ya hren.

"Drago, hapo pana hren," Bibi alisema akiwa mlangoni.

"Mama, hii mashine inasaga kila kitu. Nenda kapumzike."

Mzee Lojz, jirani, alikuwa ameegemea ua wake. "Mwache tu, Bi Otilija. Mwanao anapanda hren ya nchi nzima."

Mimi nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika, kwamba kila kipande cha mzizi ule huota upya.

"Profesa, sogea huko," Mjomba akanijibu. "Ukikatwa vidole utafungulia nini vitabu?"

Akaendelea. Alivisambaza vile vipande bustani nzima, kwa ustadi ambao hajawahi kuuonyesha katika jambo jingine lolote.

Bibi alipanda maharage. Watakatifu wa Barafu walipopita, na baridi ya mwisho ya Mei pamoja nao, tukatoa nje miche ya pilipili. Wakati huo majani ya hren yalikuwa yameshachomoza kila mahali, marefu kuliko maharage yenyewe.

Jumapili iliyofuata Mjomba akaja kukagua, mikono nyuma. "Mmeona? Magugu matupu. Mama, imekushinda. Wiki ijayo naleta mbegu za nyasi."

Kila Pasaka anakula hren mpaka machozi yanamtoka, na hakuyatambua majani yake. Bibi aligeuka na fimbo yake. Aliingia ndani, akaanza kukunja mashuka ambayo yalikuwa yameshakunjwa.

Basi nilichofanya ni hiki. Jumamosi nilivaa buti za Bibi, nikachukua uma wa kuchimbia, nikaanzia ukutani. Bibi alikaa kwenye stuli akinielekeza kwa fimbo: "Hapo, umeacha kipande. Na hapo." Jana Mjomba alipofika na mifuko yake ya nyasi, maharage yalikuwa yamesimama peke yake. Nilimpakia gunia la mizizi kwenye buti ya gari, nikamwambia, "Hii ni yako, Mjomba. Uliipanda wewe." Kisha nikarudi kuvizika vigae vya Babu. Alisimama akinitazama hadi nilipomaliza, na mbegu zake akaondoka nazo.

Bibi na Mama wanakusalimu sana. Mzee Lojz naye anasema usimsahau. Wasalimie Baba Mdogo Ivo, Klara na Petra. Mungu awape afya, na awaepushe na kila mwenye glavu mpya.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kutoka bustanini,
Neža