Wanyama Walioshika Mawe

Nkende, Tarime
14 Juni 2025

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia kifua, maana kaka Daudi aliniambia kwa simu kwamba baridi ya mwezi huu imekurudishia kile kikohozi. Mama naye goti lake linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, amezaa salama? Mimi mwili wangu ni mzima.

Utashangaa kuona barua hii imeandikwa Nkende na si ng'ambo. Nimerudi, Tata. Leo ni siku ya kumi na tisa niko kwa Beatrice, binti wa shangazi. Kila asubuhi nafunga mkoba nije nyumbani Kerende, halafu naufungua. Beatrice amechoka kunificha. Jana aliniambia, "Wegesa, mimi ni nesi. Namjua mtu anayeumwa na namjua mtu anayeogopa. Wewe unaogopa. Andika, nitaipeleka mwenyewe." Ndiyo sababu naandika. Nikiyasema haya kwa simu, utanikatisha uniulize kama nimekula.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi niliyokuwa nikifanya. Ukiniuliza nilikuwa najibu kwamba nahesabu wanyama wa baharini, na wewe ulikuwa ukicheka ukiuliza kama nao wana alama masikioni. Ukweli wenyewe ni huu. Kuna bahari kubwa mbali sana na kwetu, na chini kabisa, kina cha kilomita nne na zaidi, kumetandazwa mawe meusi ya ukubwa wa kiazi. Ndani yake mna madini ya kutengenezea betri. Kampuni iliyoniajiri inataka kuyachota kwa mashine. Kabla hawajaruhusiwa, lazima waonyeshe ni nani anaishi huko na mashine itamfanya nini. Tulikaa melini wiki sita tukishusha kamera kwa waya, kisha nikakaa ofisini miezi minane mbele ya skrini nikihesabu picha moja moja.

Siku ya kwanza picha zilipoanza kupanda, nilikumbuka kilima chetu kabla mgodi haujakichimba. Nilikuwa na miaka sita au saba, tunachunga pamoja, umande bado uko kwenye majani. Ulikuwa ukiinua jiwe taratibu unionyeshe waliolala chini yake, nge, jongoo, mayai meupe ya mjusi. Kisha ulilirudisha vilevile lilivyokuwa, na mimi nikitaka tulifunue tena ulikataa. Tukishuka jua likiwa kali, tulipita kwenye chemchemi. Nakumbuka baridi ya yale maji kwenye meno, vyura wadogo wa kijani, na wanawake wakicheka huku wakipanga foleni ya ndoo. Hakuna maji niliyokunywa popote yaliyonipa ladha ile.

Huko chini nako kuna wa kila namna. Kuna majongoo bahari, mengine ya zambarau, yanatembea polepole kama wazee wanaorudi mnadani. Kuna viumbe kama maua, na vingine kama vikombe vya kioo vilivyosimama kwenye shina jembamba. Hawa wameshika kwenye mawe yenyewe, kwa sababu pembeni ni tope tupu, hakuna pa kushika. Niliwahi kumwona pweza mweupe amezungushia mikono yake shina la kikombe kilichokufa, akilinda mayai. Nilimwita Eugenia, mwenzangu kutoka Bukoba, tukamtazama hadi chai ikapoa. Jiwe moja kama hilo, Tata, linachukua mamilioni ya miaka kukua. Likiondolewa, hakuna jingine la kushika.

Miaka minne kabla yetu, mashine ya majaribio ilipitishwa mahali pamoja. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuangalia pale. Alama za magurudumu zilikuwa bado ziko, kama zimepita jana. Majongoo bahari kadhaa yalikuwa yamerudi kutembea juu yake. Ila wale walioshika mawe hakubaki hata mmoja, na pembeni, tope lililotifuka lilikuwa limewafunika majirani zao.

Kiongozi wetu alituita mimi na Eugenia. Hakuwa mtu mkali, alitukaribisha hata biskuti. Alisema kwamba ripoti inauliza ni wanyama wangapi wamerudi, na asiyetembea hawezi kurudi, kwa hiyo tuhesabu wanaotembea tu. Eugenia alimwambia, "Basi tuandike kwamba wengine wamekufa." Akajibiwa kuwa hilo si swali lililoulizwa. Eugenia alikataa kuweka jina lake, na mwezi uliofuata mkataba wake haukuendelea.

Mimi nilisaini, Tata. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwamba wanyama wameanza kurudi, na chini yake kuna Wegesa Mogesi, jina lako na langu. Nilijiambia kwamba kila namba niliyoandika ni ya kweli.

Sasa unajua kwa nini nashindwa kuja. Mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, chemchemi ilipofukiwa kwa kifusi cha mgodi, nilirudi likizo nikakuta unakula, nikakuambia mbele ya wageni kwamba wewe ndiye uliyeiua. Ulikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na karatasi ya mgodi uliyoisaini ilikuuliza kama kuna nyumba pale. Ulijibu hakuna, na kweli hakukuwa na nyumba. Hawakukuuliza ni nani anakunywa. Ulinawa mikono, ukatoka nje. Tangu siku hiyo hatukulizungumza tena, na mimi nilichukulia kutoka kwako kama kesi niliyoishinda. Nisamehe. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuja kuwa mtu mzima na bado sikuomba radhi.

Wiki iliyopita niliwaandikia wale watakaoamua kuhusu kibali. Nimewapelekea hesabu nzima, waliotembea na walioshika mawe, nikawaeleza kwamba saini yangu kwenye ile ripoti naiondoa. Sijui kama watanisikiliza. Kampuni imeshaniandikia kwamba nimevunja mkataba na kwamba nitasikia kutoka kwa wakili wao. Kazi ya bahari huenda sitaipata tena. Eugenia alinipigia akilia, akasema angalau sasa tuko wawili.

Nitakuja Jumamosi ijayo, Mungu akijalia. Sitaki uchinje kitu. Nisalimie Daudi na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mama usimwambie lolote. Daudi anasema kila Jumapili Mama huwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake analinda viumbe vya Mungu baharini. Nataka nimwambie mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake, na ningeomba wewe uwe umekaa karibu.

Ni mimi binti yako,
Wegesa