Mafigo ya Tonton

Jumatatu, 6/5/2024
Tonton amemaliza tena beseni nzima ya maji. Paka wa kilo mbili na nusu! Nimemupima pale maternite, kazini kwangu, kwenye mizani ya watoto wachanga. Mwaka jana alikuwa na kilo ine. Na mukojo – kila mahali, mweupe kama maji ya mvua. Christophe anasema ni joto tu. Bwana yangu anajibu hivyo kwa kila kitu asichotaka kukisikia.

Alhamisi, 9/5
Docta Sumaili, yule wa wanyama, amepita. Amemushika tumbo polepole. Mafigo imekauka, midogo, migumu. Akaniita ninuse kinywa. Harufu ile, kama ya mukojo, naijua, miaka ishirini ya uganga wa hospitali. Kwa watu.
Anasema figo haichuji tena: maji inapita tu, uchafu unabaki mu damu. Haiponi. Lakini tunaweza kumusaidia aishi vizuri kiasi. Maji safi wakati wote. Serom, maji ya dripu, kwa sindano chini ya ngozi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Chumvi hapana. Makayabu, ile samaki ya chumvi, hapana kabisa! Na paracetamol tusimupe hata kipande, inaua paka.
Nimeandika yote. Christophe aliuliza kitu kimoja tu: “Anasikia maumivu?”

Jumamosi, 11/5
Serom ya kwanza. Christophe amemushika mapajani, mimi sindano. Maji ikafanya nundu pale mabegani. Christophe akacheka: “Ona, amekuwa ngombe!” Kisha akatoka inje, akakaa huko muda.
Miaka kumi na tatu na huyu paka. Binti yetu Estelle alipoolewa akaenda Kindu, nyumba ilibaki kimya. Ndipo Christophe akamuleta ndani ya koti lake, mutoto wa paka, macho bado ya bluu.

Jumatatu, 20/5
Amepanda mezani! Amekula samaki wa kuchemsha, bila chumvi, yote. Kilo mbili na gramu mia saba. Nimejisifu moyoni. Niseme kweli, nimejisifu sana.

Jumatano, 29/5
Hataki kula. Samaki, hapana. Wali, hapana. Anatapika povu. Serom naendelea. Kilo mbili tu.

Ijumaa, 31/5
Nimemukuta Christophe nyuma ya jiko, amechutama, makayabu mkononi. Na Tonton anakula! Nikapiga kelele.
– Unamuua, Baba Estelle!
– Mama Estelle, siku tatu hajakula. Kwangu amekula.
Nikaitoa. Kutoka mu kinywa cha paka, kwa vidole vyangu. Hakuning'ata hata. Alibaki ananiangalia.
Christophe akamubeba Tonton, akaingia ndani.

Jumapili, 2/6
Baada ya misa nimemupigia Sumaili, iko safarini Wamaza. Nikamueleza, nikingoja anipongeze. Akaniuliza alikula lini mara ya mwisho. Kisha: Mama Estelle, paka wa mafigo asipokula anaisha haraka kuliko kwa chumvi. Kula ni kwanza. Mungelowesha tu ile makayabu, chumvi itoke, mumupe.
Sikuwa nimeuliza. Nilishika yale makatazo tu.
Nimeilowesha, maji mara tatu. Nimemupelekea kwa mukono. Amenusa. Amegeuza kichwa.
Christophe aliona yote. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4/6
Hasimami tena. Kinywa kimejaa vidonda. Nimemupigia Sumaili tena. Anasema Tonton anateseka; yeye iko na sindano ya kumulaza moja kwa moja, hasikii kitu, anaenda tu. Atakuja Alhamisi. Lakini mukubaliane wawili, akasema.
– Tumekubaliana, nikajibu.
Eh, Mungu wangu, Christophe sijamuambia kitu.

Alhamisi, 6/6
Asubuhi nilitaka kumuambia Christophe. Nikamukuta amemufunika Tonton na koti lake, anamupanguza kinywa na kitambaa chenye maji. Nikaenda kufagia kiwanja kilichokuwa tayari safi.
Saa kumi sasa. Naandika jikoni. Piki-piki imesimama inje, nasikia sauti ya Sumaili anasalimia. Na Christophe – ile sauti yake ya zamani, ya kuitikia wageni:
– Karibu, Docta, karibu! Umeleta dawa ya kumurudishia hamu ya kula?
 Sumaili anauliza Mama iko wapi.