Trafiki wa Nyasi

Jumatatu, 9 Agosti 1976
Nimeshona kaptula mbili kabla ya chai. Lori la chumvi likapita, zikageuka rangi ya udongo. Nimezikung'uta, nikaanza ya tatu. Walitutoa kule vilimani wakatupanga kandokando ya barabara hii ili maendeleo yatufikie. Yamefika. Yanateremka kutoka Kasulu kama hayana breki.

Pacha wangu yalimfikia mwaka jana, chini ya mteremko, pale kisimani. Dereva hakusimama. Yeye Bukuru, mimi Butoyi. Alitangulia kuzaliwa, akatangulia na kufa. Watoto bado wanavuka palepale na ndoo. Kila lori likianza kushuka, mguu wangu unaiachia cherehani wenyewe.

Alhamisi, 12 Agosti
Trafiki wawili kutoka Kibondo, na saa ya kupimia mwendo. Wamejificha kwenye mihogo. Lori la kwanza wamelikamata. Yaliyofuata yalipita taratibu kama yamebeba maiti. Madereva walishapeana ishara za taa. Mchana trafiki wakaondoka. Vumbi likarudi kabla ya chakula.

Jumamosi, 14 Agosti
Mkutano wa kijiji. Mwalimu wetu, mtu wa Moshi, akasema binadamu akijua anatazamwa hujirekebisha. Mzee Ntahondi akamuuliza, "Na Mungu je, mwalimu? Si anatutazama siku zote?" Kicheko.

Mwenyekiti akaamua: trafiki wakikosekana, tutengeneze wetu, wa nyasi. Fundi ni mimi. Kujitolea kwangu nilikusikia kutoka kwake.

Jumatatu, 16 Agosti
Nguo yenye vifungo vya kung'aa kijijini ni moja tu: koti la kaki la Bukuru, la enzi zake za utarishi. Nimelijaza nyasi. Kichwa kibuyu. Tumemsimamisha juu ya mteremko. Ukimtazama kwa mbali, ana mabega yetu. Sikupenda.

Malori yamepunguza mwendo. Hilo nimelipenda.

Ijumaa, 20 Agosti
Macho ya Mama yana ukungu. Asubuhi nimemkuta katikati ya barabara, ameinama, anapiga makofi. "Mwakeye, bwana mkubwa. Mwakeye." Hajibiwi, anaanza upya. Kwetu mkubwa humpi mgongo kabla hajaitikia salamu.

Nikamwambia, "Mama, hizo ni nyasi."

"Ndiyo maana hana adabu," akasema.

Nimecheka mpaka uzi umekatika.

Jumatano, 25 Agosti
Dereva amesimama nimzibie suruali. "Fundi, mtu wenu tumeshamjua. Nikimfikia napunguza. Nikimpita nafidia mwendo."

Anafidia wapi? Kisimani. Kumbe usalama wetu una urefu wa shamba moja la mihogo. Mwalimu anasema hata hivyo ni hatua. Ntahondi anasema hatua hiyo hiyo ndiyo ya kumalizia mtoto.

Jumamosi, 28 Agosti
Tumemhamishia kisimani. Palepale. Nilipokuwa nachimbia nguzo, mkono wake ukaniangukia begani. Upepo, bila shaka. Nyasi za barabarani hazikutikisika. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 31 Agosti
Mama amemshika mtu wa nyasi mkono. Kwenye kiwiko kuna kiraka. Alikishona yeye mwenyewe akiwa bado anaona. Akalitambua koti. Akaketi barabarani kumngoja mwanawe aitikie.

Lori jekundu likateremka. Breki. Likaingia mtaroni, chumvi ikamwagika. Mama hakuguswa. Dereva akashuka anatukana. Akaliona koti. Akaniona mimi, na uso wangu ndio uleule wa Bukuru. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga lori.

Ndiye yule ambaye mwaka jana hakusimama. Nikamwinua Mama kutoka barabarani.

Alhamisi, 2 Septemba
Mkutano tena. Mwalimu: mtu wa nyasi abaki, kwa ajili ya watoto. Mwenyekiti: abaki, bibi afungiwe ndani.

Mama akasimama. "Mwanangu asimame juani, mimi nikae kivulini?"

Nikimng'oa, watoto. Nikimwacha, Mama. Naogopa kesho, naogopa na koti.

Jumapili, 5 Septemba
Nimemng'oa. Nyasi nimewapa mbuzi wa Ntahondi. Koti nimelivaa mimi. Limenikaa sawasawa, sikutarajia vingine. Cherehani nimeihamishia kisimani, hatua chache kutoka barabarani. Vumbi huku ni zaidi. Nitazoea.

Watoto wamevuka, wamerudi.

Lori jekundu limekuja. Limeanza kupunguza tangu juu kabisa, likapita kwa gia ya kwanza. Dereva alitazama mbele, shingo imekakamaa. Nimemwinulia mkono. Hakufidia hata alipotupita. Nimelisikiliza mpaka likapotea.

Kisha Mama, na fimbo yake. Hakusimama barabarani. Amekuja moja kwa moja mpaka kwenye cherehani, akapapasa kiwiko, akapiga makofi taratibu.

"Bukuru, mwanangu. Mbona siku zote hizo hukuitika?"

Nikaitika.