Msumeno wa Samaki na Kebo ya Shituru

Mama Viviane mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali usitaje barabara yangu. Majina yote nimekwisha kuyabadilisha.

Mimi ni baba wa watoto watano, nina miaka hamsini na minane, nakaa Shituru katika nyumba za kampuni, na zamani nilikuwa mwizi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa fundi wa umeme, lakini mishahara ilipokatika na miezi ikafuatana bila kitu, nilianza kukata kebo zile zile nilizofundishwa kuzitandika na kuuza shaba yake, mimi na rafiki yangu ninayemwita Octave, na waliotulaani asubuhi walikula bukari letu, ugali wa shaba ile ile, jioni, basi tukaendelea hivyo miaka mingi mpaka siku Octave alipokamatwa nami nikapona, kwa sababu tu nilikuwa nimeenda kutafuta toroli. Alifungwa miaka mitatu. Walimpiga, wakamuuliza alikuwa na nani, na hakutaja jina langu.

Siku ile ile nikaacha. Msumeno wangu wa chuma nikampa mke wangu, anayeuza samaki wa barafu sokoni, na tangu hapo, sasa miaka kumi na miwili, anakatia samaki walioganda, kila asubuhi msumeno unaondoka ndani ya beseni lake na kila jioni unarudi ukinuka samaki, nami nilikuwa nafurahi kuunusa. Sasa natengeneza pasi na redio, na kanisani wamenipa funguo za stoo, mimi huyu, wakijua nilikotoka.

Octave alipofunguliwa alikwenda kulima Kapolowe. Mwezi uliopita amerudi kwangu, amekonda, akaniambia kuna kebo ya zamani ya kampuni, nene kama mkono wa mtu, inayolala chini ya udongo toka kabine ya umeme mpaka karakana iliyofungwa, na hakuna tena mtu anayejua inapita wapi isipokuwa mimi niliyeitandika. Amekwisha kupata kofia na gile, vile vizibao vya rangi ya machungwa, Jumamosi tutachimba mchana kweupe kama wafanyakazi, maana hapa Likasi mtu mwenye gile haulizwi kitu. Nikamwambia nimeacha. Akanijibu, akiniita kaka mkubwa kama zamani: "Yaya, ile kable ilishakufaka. Kintu ya kufa haina na mwenyewe." Halafu akasema polepole: "Minye nilikulaka miaka tatu mu buloko, jina yako sikuitaya. Leo nakulomba siku moja tu."

Mama, nimekwenda mara mbili kutazama pale, maana kona ya kebo nilikuwa nimeisahau, lakini mbuzi wa Mama Germaine, jirani yetu, walinisaidia: siku hizi za baridi wanalala kwa mstari mmoja kama waliopangwa, toka ukuta wake mpaka barabarani, na mstari ule ndio mtaro wetu wa zamani kabisa, nafikiri kwa sababu udongo uliochimbwa hubaki laini. Nilipouona mtaro mikono yangu ilianza kuwasha, sijui niseme vipi, pasi na redio haziwashi mikono. Niliporudi nyumbani nikachukua msumeno, nikautia lame mpya, wembe wenye meno ya kukatia chuma, nikaurudisha ndani ya beseni. Asubuhi mke wangu aliugeuza, akautazama, akaniambia: "Papa Glody, samaki yangu haikulombaka lame mupya." Akaenda sokoni bila msumeno. Tangu siku hiyo anakatia samaki kwa panga, na hanisemeshi.

Sasa niambie, kuchukua kitu kilichokufa ni wizi? Na nikimkataa Octave, si nitakuwa nimemtupa mtu aliyeteseka kwa ajili yangu?

Ni mimi, fundi wa Shituru.

JIBU LA MAMA VIVIANE

Papa Glody, barua yako imenifikia jana. Kuna nyingine zilizotangulia, zitasubiri, kwa sababu Jumamosi haisubiri.

Kwanza pole. Kuacha kitu unachokijua vizuri na kushika pasi za watu miaka kumi na miwili si jambo dogo, na waliokupa funguo za stoo hawakukosea. Lakini usinifanye mtoto. Unaniuliza kama ni wizi, na huku umekwisha kuandaliwa gile ya uongo. Mtu anayekwenda kuchukua chake hajivalishi kama mtu mwingine.

Juu ya Octave umeniandikia mengi, juu ya mikono yako umeandika mstari mmoja tu. Mimi nimeusoma huo mmoja mara tatu. Octave alikuomba, ni kweli, lakini hakukutuma ubadilishe lame. Hiyo ulifanya wewe peke yako, na mke wako aliiona kabla hujamaliza kujidanganya. Hata hivyo sikulaumu kwa kuikumbuka kazi yako, fundi ni fundi.

Sasa tuje kwa mbuzi. Wewe ni fundi wa umeme, mimi sijui kuunga waya mbili, lakini nimekulia kwa watu wanaofuga. Wakati wa baridi mbuzi hatafuti udongo laini, Papa. Anatafuta joto. Kebo iliyokufa inampashaje mbuzi joto?

Fundi wa redio yetu nilimsomea maneno yako juu ya mbuzi. Aliweka chini bisibisi yake, akaniambia: "Mama, mwambie asiguse pale. Ile kable iko muzima, umeme iko ndani." Labda kuna mtu ameiunga kwa siri, labda haikuzimwa kamwe, hatujui. Ungekuwa kijana, ungeliona jambo hilo kwa mtazamo mmoja. Si uzee uliokufumba macho, ni hamu.

Basi fanya hivi. Leo, kabla mke wako hajatoka sokoni, toa ile lame, rudisha ya samaki, kisha umwambie yote kwa mdomo wako, hata kama atakutukana. Akikutukana ujue amerudi kukusemesha. Kesho mpeleke Octave mchana akawaone mbuzi wale. Usimkatalie tu na kujifungia ndani, kwa maana atatafuta mtu mwingine mwenye msumeno, na Octave ndiye atakayeshuka mtaroni kwanza. Mkitoka hapo nendeni wote wawili kwa mkubwa wa barabara, yule kiongozi wa mtaa wenu, mseme mnalolijua, ili hata mwenye kuchimba choo asife. Atawauliza mlijuaje. Mtajibu. Aibu haijaua mtu.

Na mikono ikiendelea kuwasha, nyumba ngapi za Shituru zina nyaya zilizofungwa kwa mfuko wa plastiki? Anza na ya Mama Germaine.

Uliniuliza kama utamtupa rafiki yako. Ukienda naye Jumamosi, ndipo utakapomtupa. Redio hii inasikika mpaka Kapolowe, labda naye ananisikia, lakini deni hili siwezi kukulipia mimi. Yeye alifunga mdomo wake, wewe ukapona. Fungua wako, naye apone.