Kipande cha Memori Nilichokificha

Garissa, Jumatano

Mdogo wangu Mghoi,

Nakusalimu kutoka kitanda cha hospitali, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Mgongo wako umepoa? Na mvua imewafikia huko Wundanyi, au bado mnatazama ukungu tu? Mimi nipo. Miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Daktari ameacha kuniambia nitapona. Sasa huniuliza kama nimekula.

Najua umepanga mwanao Righa aje kunichukua Jumamosi, nifie nyumbani. Nakuomba umzuie kwanza. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilipostaafu ualimu wa hesabu nilibaki kulekule Tarbaj nilikofundisha, nikitengeneza kompyuta za watu. Kituo cha afya pale kilikuwa na moja, ya kuhifadhi tarehe za chanjo za watoto. Aliyeziingiza ni Sahra, binti niliyemfundisha tangu darasa la sita. Mashine ilikuwa nzito, nami kwa majivuno nikaiongezea kipande cha memori nilichokitoa kwenye kompyuta mbovu ya shule. Sikukipima. Ikaenda kasi, watu wakanisifu.

Baada ya wiki chache ikaanza kujifia. Skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanashuka yakisema kiini cha mfumo kimeshindwa kuendelea. Nikaufuta mfumo, nikauweka upya. Ikarudia. Kosa la programu kwa kawaida huangukia palepale. Hili lilihamahama: leo mashine ililaumu diski, kesho mtandao, keshokutwa printa. Dalili hiyo niliwahi kuwafundisha wengine: tazama memori. Mimi sikutaka kukitazama kipande changu.

Kisha mama mmoja akaja na kadi ya mtoto. Kadi ilisema mwezi wa tatu, kompyuta ikasema wa saba, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani eti siku zake bado. Zikaonekana kadi nyingine kama hiyo. Mkuu wa kituo akawaita wafanyakazi wote na wazee wawili wa mji, akaniuliza, "Mwalimu, mashine inaweza kubadilisha tarehe yenyewe?"

Nikajibu, "Mashine haina mkono. Mtu ndiye hukosea."

 Sahra akafukuzwa siku hiyohiyo kwa uzembe.

Wiki iliyofuata nilipima memori tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mistari myekundu ikajaa, yote ikitaja mahali pamoja. Nikakitoa kipande changu, nikapima tena: safi. Ugonjwa ule hugeuza alama moja ndogo ndani ya mashine, na tatu ikawa saba. Nikakitia mfukoni, nikamwambia mkuu nimepangusa vumbi. Tarehe zilizokwisha kuharibika nikaziacha zilivyo.

Juzi Sahra alikuja kunitazama. Siku hizi anauza maziwa ya ngamia sokoni hapa. Akanimiminia kikombe.

"Kunywa, Maalim. Umekuwa mwembamba kuliko fimbo uliyotuchapia."

Nikacheka, kisha nikakiweka kikombe chini. Nikamweleza yote. Akauliza:

"Wale watoto, tarehe zao zilirekebishwa?"

"Sijui."

"Wallahi, mimi nilidhani ni macho yangu. Nilikwenda kupimwa macho, Maalim."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kusamehe baadaye. Uliniita mkosaji mbele ya watu. Kwetu, neno la mbele ya watu halirudishwi chumbani. Utalisema palepale, wazee wakisikia."

"Nitawaandikia barua."

"Kwani mimi ulinifukuzisha kwa barua?"

 Alipoondoka nilimpigia simu mkuu wa kituo, nikamwambia alinganishe kila tarehe na kadi kuanzia sasa, asinisubiri.  Nikamwomba mkutano, akakubali kuwaita wafanyakazi na wazee walewale Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi sitakuja kusini. Napanda gari la Wajir, na kutoka hapo la Tarbaj. Daktari anasema barabara ile inaweza kunimaliza.

Naogopa, Mghoi. Kaburi haliniogopeshi kama pumzi kukatika kabla sijalifikia lile neno lenyewe. Nimeliandika na kulitia sahihi. Nakala imo ndani ya bahasha hii. Nikishindwa njiani, Righa aende Tarbaj, asimame mbele yao alisome lote, hata pale ninapotajwa kuwa mwongo. Asiruke hapo. Baada ya hapo mnizike popote patakapokuwa rahisi.

Sahra ataketi kando yangu garini. Ameniambia hatanisemea hata neno moja, ila maji atanipa.

Nisalimie shemeji yetu, mjane wa kaka, mwenye kushika funguo za kanisa. Na mumeo, baba Righa, mwambie nimemkosesha safari ya mwanawe lakini asininunie. Righa mwenyewe mpe barua hii aisome kwa sauti mbele yako, ajizoeze.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado hajasema,
Mwakio