Mifupa ya Jimi

Makadara, Jumatano, Agosti 1984

Uzito umeshuka tena. Nimeandika kwenye daftari: asubuhi, kuinua vyuma vyangu nilivyojitengenezea kwa saruji hadi mikono ikatetemeka, mchana, chai kavu, jioni, supu. Jumamosi askari wapya wanapimwa. Wakinirudisha nyumbani kama mwaka jana, sijui nitamwangalia Mama kwa macho gani.

Supu yenyewe ni ya mifupa ninayoomba kwa Mzee Bakari wa bucha. Humwambia ni ya mbwa wangu, maana ya mbwa hupeanwa bure. Jimi namwachia alambe tu nikishamaliza. Mungu anisamehe.

Leo jirani yangu Mutua, yule dereva mwenye mbwa mkubwa, alinikuta pale kwenye dirisha la bucha.

"Huyo Jimi unamlisha nini? Mbavu zote ziko nje! Wangu mimi namkorogea ugali na omena."

"Ana minyoo," nikasema.

Mzee Bakari alinitazama mikono, akaingia nyuma, akarudi na mifupa imefungwa kwenye gazeti.

Nimeifungua sasa hivi. Ndani ameweka kipande cha nyama, kitunguu na dhania.

Mbwa hali dhania. Mzee amejua tangu lini?