Zamu ya Maji na Chakula cha Bwana

Jumapili, 3 Oktoba 1993

Leo Loishiye kahubiri. Mwanangu, mwinjilisti wetu! Kanisa zima kimya, hata watoto. Katoa somo kwa Ezekieli, wale makuhani wana wa Sadoki — wenzao walipomwacha Mungu, wao walishika zamu yao. Ndipo Mungu akasema hawa ndio watakaonikaribia. Wale waliopotea wakaachiwa kulinda malango tu.

Moyo ulinijaa. Huyo mimi ndiye niliyemfundisha a-e-i-o-u kwa mkaa ukutani, mimi wa darasa la nne. Tulipotoka nje nikawaambia wanawake, huyo ndiye Sadoki wenu. Jirani yangu Anyesi akageuza shingo. Wivu. Wa kwake anauza betri sokoni Sakina.

Jumapili ijayo mchungaji analeta Chakula cha Bwana, na mkuu wa jimbo anakuja. Watakaoshiriki wajiandikishe kwa Loishiye Jumamosi, mwisho saa kumi na mbili jioni. Mkuu anakuja kumwangalia yeye — habari ya kupelekwa kusomea uchungaji. Hii ni siri. Nimewaambia watatu tu.

Jumanne, 5 Oktoba

Jua kali. Mfereji umebaki kama mkojo wa mbuzi. Zamu yangu ya maji ni Alhamisi. Nyanya zitajua leo ni Jumanne? Kahawa siku hizi bure kabisa, nyanya ndiyo sabuni, ndiyo sukari. Nikapanda mferejini, nikabomoa tope alilozibia Anyesi, nikageuzia maji kwangu.

Akaja na jembe, wanawake wengine nyuma yake. Akasema zamu ni yake tangu asubuhi. Nikasema — basi, nilisema — mwenye mtoto anayekaribia madhabahu hamsubiri mtu wa kabichi. Wengine wakacheka. Anyesi hakucheka. Kabichi zake zimelala chini. Zitaamka.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimechoka na huyu mtoto! Mdomo umejaa makande yangu, ananiambia hataniandika Jumamosi mpaka nipatane na Anyesi. Mimi! Nikamwambia mwenye kinyongo ni Anyesi, mimi sina. Akasema utaratibu naujua tangu zamani, waliogombana hupatana kwanza. Tena Anyesi keshamwambia: akisikia jina langu limo kwenye daftari, atasimama kanisani amuulize mbele ya mkuu wa jimbo. Hapo uchungaji ndio basi tena.

Nikatafuta miwani, nikafungua Ezekieli mwenyewe, ile sura yote, kidole chini ya mstari. Na nikaona! Kuhani asikaribie maiti asije akajitia unajisi, ila kwa baba, kwa mama, ruhusa. Kwa mama! Imeandikwa. Nikamwonyesha.

"Mama, hiyo ni kwa mama aliyekufa."

"Kwa hiyo nife ndipo uniandike?"

Akainama, akala. Akaongeza makande mara ya pili, bila haya.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimekwenda sokoni Sakina na madebe mawili ya nyanya. Nikamweleza Mwamvua, mnunuzi wangu, Mwislamu wa Kondoa, nikitegemea anihurumie. Kacheka mpaka kashika meza. "Mama mchungaji, hata kwetu ukimkosea mtu, Mungu anakuambia kamalizane naye kwanza." Kumbe na huko!

Nimerudi na kilo ya sukari na hasira. Kabichi za Anyesi hazijaamka. Nilipita haraka.

Jumamosi, 9 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kwa Anyesi na maziwa. Nikapiga hodi, nikaanza vizuri tu: jirani, tusameheane. Nilitaka tuyamalize palepale jikoni, watu wawili. Akapokea maziwa, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Loishiye, hukunitukania jikoni. Zamu yangu ni leo saa kumi. Njoo mferejini, na wale wanawake wawepo."

Mferejini! Mbele ya wale wale!

Nikamwendea Loishiye. Nikamwambia aende yeye akaseme kwa niaba yangu. Si ndiyo kazi yake, kusimama katikati ya watu na Mungu? Akaniinulia uso. Macho mekundu.

"Mama, ningeweza, ningekuandika wa kwanza."

Akachukua daftari, akaenda zake kanisani.

Saa kumi na moja sasa. Kutoka dirishani nawaona kule juu, vilemba vitano, sita. Anyesi ameegemea jembe. Hajafungua maji. Zamu yake inaisha, maji yanampita kwenda kwa watu wa chini, kabichi zinakufa, na yeye anangoja tu. Mwanamke gani huyu! Angefungua basi, ningesema nilimkuta na kazi, nikarudi.

Nimejaribu kulisema hapa chumbani, peke yangu, lile neno moja: Nimekosa. Limetoka nusu. Nimevaa viatu vya kanisani, nimevivua — kule ni tope. Mmoja wao kaniona dirishani, anamgusa Anyesi bega. Wote wamegeuka huku—